Fremu ya kona au barua za maombi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mimi ni fundi wa kompyuta na printa. Nilifanya kazi kwenye kampuni miaka mitatu, ikapunguza wafanyakazi, na huu ni mwezi wa nane sina ajira. Nimetuma maombi zaidi ya sitini, nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu. Nina akiba kidogo. Dalali amenionyesha fremu ya duka ya kona, barabarani kabisa, watu wanapita mchana kutwa. Kodi yake ni kubwa, ila anasema ikinipita sitapata nyingine kama hiyo. Nataka nifanye ufundi na niuze vifaa vidogo vidogo: chaja, nyaya, wino. Je, niichukue? Na nikiichukua halafu biashara ikagoma, si nitakuwa nimejiharibia zaidi kwa waajiri?"

Ndugu yangu, nianze na jibu, sababu zifuate. Fremu hiyo usiichukue sasa. Ufundi uanze, hata wiki hii, mahali padogo. Na kwa waajiri, kinachokuharibia kwa sasa ni hiyo miezi minane iliyo tupu kwenye wasifu wako. Karakana ndogo inayofanya kazi haitakuharibia kitu.

Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kugundua kwamba una biashara mbili unazoziita moja. Mtu ambaye printa yake imegoma na hati zinasubiriwa hatembei barabarani akitazama vibao. Anauliza watu: "Unamjua fundi?" Akishatajiwa jina, atakutafuta hata ukiwa ghorofa ya pili, nyuma ya jengo, mlango wa mwisho. Mnunuzi wa chaja ni mtu mwingine kabisa. Yeye amekumbuka kwamba chaja yake inakatika kwa sababu ameona chaja zimening'inia mlangoni kwako. Asingeziona, asingenunua, au angenunua kwa mwingine hatua kumi mbele. Kona ina thamani kwa huyu wa pili. Wa kwanza haihitaji. Sasa jiulize wewe ni fundi anayeuza chaja, au muuza chaja anayejua ufundi, maana kodi ya kona unailipia chaja.

Tupige hesabu kidogo kwa namba za mfano, sarafu ni yoyote uipendayo. Kodi ya kona tuseme ni 600 kwa mwezi. Vifaa vidogo vikikuachia faida ya asilimia 20 (na kwenye chaja na nyaya ushindani ni mkali, usitegemee muujiza), unahitaji mauzo ya 3,000 kwa mwezi ili kodi peke yake ilipike. Ukifungua siku 25, hayo ni mauzo ya 120 kila siku. Mteja mmoja akinunua kitu cha 5 kwa wastani, unahitaji wanunuzi 24 kwa siku. Kwa saa kumi za kazi, ni mnunuzi mmoja kila dakika 25, kuanzia unapofungua mpaka unapofunga, siku zote, na hapo bado hujalipa umeme wala hujajilipa wewe mwenyewe. Halafu niambie: huku ukikatizwa kila dakika 25, ile printa iliyofunguliwa mezani utaimaliza saa ngapi?

Hesabu ya ufundi ni nyingine. Kazi moja ukitoza 30, ukatoa 3 za vitu vidogo vya kusafishia na kuunganishia, inabaki 27. Kona ya 600 inataka kazi 23 kwa mwezi, karibu moja kila siku. Chumba cha juu cha 150 kinataka kazi sita. Sita kwa mwezi! Fundi wa miaka mitatu asiyeweza kupata kazi sita kwa mwezi hata kona haitamsaidia. Weka namba zako halisi mahali pa hizi zangu, matokeo yatabadilika, ila nina hakika pengo litabaki.

Hilo la "watu wanapita mchana kutwa" ni maneno ya dalali, na dalali analipwa ukisaini. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini yangu yaliwahi kunifika. Nilipokuwa kijana nilikodi duka karibu na kituo cha mabasi kwa sababu asubuhi moja nilisimama pale nikaona watu kama siafu. Nikalipa. Wiki ya pili ndipo nilipoelewa: asubuhi wale watu walikuwa wanakimbilia kazini, hakuna anayesimama. Jioni, wakiwa na pesa na nafasi, basi liliwashusha upande wa pili wa barabara, wakanunua hukohuko, wakaenda zao. Mimi nilikuwa upande wa asubuhi. Nilikaa miezi kumi na moja nikiangalia migongo ya watu.

Kwa hiyo watu wahesabiwe, na wahesabiwe na wewe. Chukua karatasi, kaa mahali unapoiona fremu, hesabu dakika 15 katika kila saa, siku ya katikati ya juma na siku ya mapumziko. Usihesabu vichwa tu. Andika wangapi wamepunguza mwendo, wangapi wameingia duka la jirani, wangapi wametoka na kitu mkononi. Mtu mzima hutembea takribani mita 1.3 kwa sekunde. Mbele ya fremu ya mita nne anapita kwa sekunde tatu, tena akiangalia simu. Kibao kilichobandikwa ukutani juu ya mlango huyu hakioni. Kinachoonekana ni kibao kilichochomoza kuelekea anakotoka, na mikataba mingi hainyamazii jambo hilo. Uliza kabla.

Kuna hofu moja ambayo hukuiandika lakini ninaisikia kwa wengi: kwamba ni vibaya kukaa karibu na mafundi wengine. Kwa ufundi, mara nyingi ni kinyume. Mwanauchumi Harold Hotelling aliandika mwaka 1929 kuhusu wauzaji wawili wa bidhaa ileile kwenye barabara moja, akaonyesha kwamba kila mmoja ana sababu ya kumsogelea mwenzake, maana anayemsogelea humpunguzia wateja wa upande ule bila kupoteza wake. Mfano wake ni wa kwenye karatasi, lakini mtaa wa mafundi una faida nyingine anazozijua kila aliyekaa pale: mteja akiambiwa "nenda kule kwa mafundi" anakuja bila hata kukujua jina, kifaa usichokuwa nacho unakiazima mlango wa tatu, na kazi iliyomshinda jirani inaletwa kwako. Ukiwa peke yako kwenye kona nzuri, hayo yote unayakosa.

Ukipata chumba, kikague kama unavyokagua mashine. Nenda na mita yako upime kila soketi, ethi (waya wa kwenda ardhini) ikiwemo, halafu upime tena jioni wakati jengo zima limewasha vitu vyake. Volti ikishuka sana jioni ya majaribio, itashuka ukiwa na kompyuta ya mteja mezani. Inua macho: alama za maji kwenye dari hazidanganyi, na rangi mpya kwenye kona moja tu ya dari nayo haidanganyi. Panda ngazi ukiwa umebeba printa ya ofisini, ile nzito, ujue mteja atapata taabu gani. Na mlango je? Vitu vitakavyolala humo si vyako, ni vya watu. Komeo bovu kwa muuza daftari ni hasara ya daftari. Kwako wewe ni mashine saba za wateja saba, na kila moja ina kazi za mtu ndani yake.

Mtu mwenye habari kuliko wote ni mpangaji aliyetoka. Mtafute. Akisema alihamia pakubwa zaidi, vizuri. Akicheka kabla ya kujibu, keti umsikilize.

Mkataba sitauchambua wote, ila mambo machache siyaachi. Hakikisha anayekukodisha ndiye mwenye haki ya kukodisha, kwa karatasi, si kwa funguo alizoshika. Uliza mamlaka husika kama jengo lile linaruhusiwa kwa biashara ya aina yako kabla hujatoa hata senti, kwa sababu leseni ikikataliwa kodi hairudi. Soma kipengele cha kutoka: ukitaka kuondoka katikati, unatoa taarifa muda gani na unadaiwa nini? Kwa mwanzo, mkataba mfupi wenye haki ya kuuongeza ni bora kuliko mrefu wenye punguzo. Kodi itapandaje, na nani anatengeneza paa? Ukiombwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa chumba, na mpangaji anayetoka, jiulize unanunua nini hasa. Rafu zilizopigiliwa ukutani mara nyingi ukiondoka zinabaki na jengo, na wateja wake wanaweza kumfuata aendako. Kilemba kisichotambuliwa na mwenye nyumba kwa maandishi ni zawadi umempa mtu.

Sasa ajira, maana nahisi ndiko moyo wako uliko.

Maombi sitini, usaili mara mbili. Wewe ni fundi wa printa, basi nikuulize kifundi: karatasi inakwama wapi? Ungekuwa umeitwa mara ishirini na kukosa zote, ningesema tatizo liko kwenye kutokea, yaani usaili wenyewe. Wewe karatasi haiingii kabisa. Wasifu wako hausomwi, au unasomwa na kuwekwa kando. Mazoezi ya kujibu maswali kwa sasa hayakusaidii kitu. Shughulikia karatasi kwanza.

Miezi minane ina uzito wake. Mwaka 2013 mwanauchumi Kory Kroft na wenzake walichapisha utafiti uliotumia maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 12,000 yaliyotumwa kwa waajiri nchini Marekani, yakitofautiana katika muda mwombaji aliokaa bila kazi. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu, ndivyo simu za kuitwa zilivyopungua, na sehemu kubwa ya mporomoko ilikuwa ndani ya miezi minane ya kwanza. Unaweza kuusoma utafiti huo kwa huzuni. Mimi nausoma hivi: kipande kigumu cha mteremko umeshakipita, na pengo lenyewe linazibika kwa kazi halisi yenye tarehe. Mstari unaosema "Fundi wa kujitegemea", wenye mwezi wa kuanza na maelezo ya ulichofanya, ni kazi kama kazi nyingine. Ila usijiandike Mkurugenzi Mtendaji wa karakana ya mtu mmoja. Nimekaa kwenye meza ya usaili miaka mingi, na cheo cha namna hiyo hupitishwa mezani mkono kwa mkono watu wakitabasamu.

Uandike nini basi? Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoteza. Ukisema una uzoefu wa miaka mitatu, umesema jambo ambalo haliniambii sana. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakipima kila njia inatabiri utendaji kazini kwa kiasi gani, kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni utabiri usiokosea. Idadi ya miaka ya uzoefu ilipata 0.18. Kumpa mtu kazi yenyewe aifanye akiangaliwa ilipata 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirudia hesabu hizo wakaona nyingi zilikuwa zimekuzwa: kazi ya majaribio ikashuka hadi 0.33, usaili wenye maswali yaliyopangwa ukakaa juu kwa 0.42, na miaka ya uzoefu ikaanguka hadi 0.07. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu namba, lakini mahali pa miaka ya uzoefu ni chini katika hesabu zote mbili. Mtu anaweza kufanya kosa lilelile miaka mitatu. Mwajiri makini anataka kuona kazi.

Na kazi yako itaonekana ukiiandika. Siku ya kwanza ya karakana nunua daftari kubwa, uligawe safu: tarehe, mashine, mteja alilalamika nini, ugonjwa halisi ulikuwa nini, ulitumia muda gani, kipuri gani, na safu ya mwisho, ambayo mafundi wengi hawaipendi: ilirudi? Ndani ya siku 30, ilirudi na tatizo lilelile au la? Jaza kila siku kabla ya kufunga. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na ujuzi nao ni mali.

Baada ya miezi mitatu angalia ulichonacho. Zamani wasifu wako ulisema: "Nina uwezo mkubwa wa kutatua matatizo ya kiufundi na kufanya kazi chini ya shinikizo." Sentensi hiyo nimeisoma mara mia, na kila mara ni kama sijasoma kitu. Sasa tuseme daftari linakuruhusu uandike: "Miezi mitatu, mashine 64, kati yake printa 41. Zilizorudi na tatizo lilelile ndani ya siku 30 ni nne. Tatu kati ya hizo nne zilikuwa na kipuri cha bei rahisi, nikaacha kukitumia." Ningemwita huyo mtu siku hiyohiyo, na ile sentensi ya mwisho ndiyo ingenifanya nimwite. Mtu anayehesabu makosa yake na kubadilika hapatikani kirahisi.

Wapo watakaokwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye ajira methali hiyo imewaponza vijana wengi wazuri. Kizuri kisichojulikana kimekaa kabatini. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala aliyochapisha mwaka 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengi, asilimia 55.6, walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra. Kundi aliloliuliza lilikuwa dogo, lakini sababu yake inaeleweka: rafiki yako wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Mtu wa mbali kidogo anatoka kwenye dunia nyingine. Na karakana inaleta watu wa aina hiyo hasa. Mhasibu wa ofisi ndogo, katibu wa shule, mwenye duka la dawa: kila mmoja anakuja na mashine mgonjwa na kuondoka na mzima, na kila mmoja ana bosi. Usiwaombe kazi. Ukimkabidhi mtu mashine yake ikiwa safi, mwambie kwa sentensi moja kwamba unatafuta pia ajira au mkataba wa matengenezo ofisini, kisha nyamaza. Wawili watatu kati yao watakuwa wadhamini wako wazuri kuliko bosi wa zamani aliyekwisha kukusahau.

Kwenye usaili utaulizwa tu: "Una karakana yako, mbona unataka kuajiriwa?" Jibu liwe la kweli na fupi. Kama unataka mifumo mikubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuigusa, sema hivyo. Kama unataka mshahara usioyumba, sema pia, hakuna aibu. Kisha sema karakana itakuwaje ukiajiriwa, bila kusubiri wakuulize: itafungwa, au itafanya kazi siku za mapumziko bila kugusa wateja wa mwajiri. Na ikiwa itakuwa imegoma na kufungwa, kama unavyohofia, swali litakuwa moja: "Nini kilitokea?" Anayejibu kwamba wateja hawakuwa waelewa tunamshukuru kwa kuja. Anayefungua daftari na kuonyesha mwezi ambao gharama zilipita mapato, na alichojaribu kabla ya kufunga, huyo tunaendelea kuzungumza naye.

Akiba yako igawe kabla hujaigusa. Sehemu ya kuishi iwe kando na isikopwe na biashara hata kwa siku moja. Inayobaki ilipe chumba, meza, taa nzuri, vifaa unavyokosa, na vipuri vichache vinavyotoka haraka. Chaja unaweza kuweka kumi ukutani, mteja wa printa akiondoka nayo sawa. Kona tutaizungumza tena daftari likionyesha zaidi ya kazi arobaini kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, na wateja wakianza kulalamikia ngazi.

Dalali mwambie utamjibu baada ya wiki mbili. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri na pesa mkononi, mtakie heri huyo mteja. Wiki hizo mbili nenda pale na karatasi yako, hasa saa kumi na moja jioni mpaka saa moja, na ukae upande wa pili wa barabara.